Picha Sita na Debe la Maharage

Mwaka 2003 Ryan North wa Kanada alianza kuchapisha mtandaoni katuni za Dinosaur Comics kwa picha zilezile sita: T-Rex yuleyule, mguu uleule juu ya kijumba. Hubadilika maneno tu. Rafiki zangu wanauita uvivu. Mimi ninayepika bila friji siwaelewi. Stoo kuna dagaa wakavu, na maharage niliyoyachanganya na majivu yasibunguliwe. Leo nazi, kesho nyanya, na sahani hurudi tupu. Utahraptor anapotokea picha ya nne kubisha, sura yake nimeshaizoea. Ninachosubiri ni hoja. Ila zipo siku North anajaza maneno mpaka kichekesho kinakosa pa kukaa, na siku hizo naishia picha ya tatu.