Injini ya Silverado ndani ya Camaro ya 1969

Katika kila video ya Wamarekani wanaofufua Camaro ya 1969 nyumbani kwao, kuna dakika inayopendwa kuliko zote: injini inaning'inia kwenye kreni, boneti imeng'olewa, na watu wawili wanaielekeza taratibu mpaka ikae. Inavutia, lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kwa maoni yangu kazi hii huharibikia nyuma ya gari, kwenye tangi la petroli na kwenye difu, mahali ambapo wengi hufika wakiwa wameshachoka na fedha zimeshaisha.

Asiye na fedha nyingi huchukua injini ya lita 5.3 ya pikapu za Chevrolet Silverado za kuanzia 1999. Ni ya ukoo mmoja na LS1 iliyotoka na Corvette ya 1997, ila bloki yake ni ya chuma na hivyo ni nzito zaidi. General Motors waliiandikia nguvu za farasi 270 ilipoanza. Camaro SS ya 1969 yenye lita 5.7 iliandikiwa 300, na anayesoma haraka ataona anarudi nyuma. Sivyo. Enzi zile injini ilipimwa juu ya stendi, bila ekzosi ya gari na bila mizigo inayobeba ikiwa barabarani. Viwanda vya Marekani viliachana na namba za namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zikipimwa kwa kipimo kimoja, ile ya pikapu haina cha kuionea haya SS.

Kuikalisha kuna vikwazo vyake, navyo vinajulikana. Maunti za injini mpya zina matundu manne ya bolti kila upande badala ya matatu, kwa hiyo huwekwa bamba la kuunganisha. Sampu ya pikapu ni ya kina kirefu mno, hushuka chini ya fremu ya mbele. Hubadilishwa kwa sampu fupi iliyotengenezwa kwa magari haya. Vyote hivyo vinauzwa tayari.

Petroli ndiyo yenye mtihani. Kabureta ya zamani hutosheka na presha ya psi 6 hivi, ilhali nozeli za injini hii zinataka psi 58. Na presha si tatizo pekee. Kabureta ina kibakuli chake cha akiba: petroli ikikimbilia upande mmoja wa tangi kwenye kona, injini huendelea kunywa kutoka pale. Mfumo wa nozeli hauna akiba hiyo. Pampu ikivuta hewa kwa nusu sekunde, presha inaanguka papo hapo, na injini iliyo kwenye mzigo mkubwa inachoma mchanganyiko wenye petroli pungufu, joto linapanda, pistoni ziko hatarini. Ndiyo maana simshauri mtu afunge pampu ya nje chini ya tangi la 1969 akaishia hapo. Anunue tangi lenye pampu ndani na kuta za kuzuia petroli isiyumbe. Pampu iliyozama hupozwa na petroli yenyewe.

Hapo kuna ujanja mmoja ninaouheshimu sana. Chujio la Corvette za 1999 hadi 2003 lina regulata ya psi 58 ndani yake na midomo mitatu: petroli inaingia, ya ziada inarudi tangini, iliyosawazishwa inakwenda mbele. Likifungwa karibu na tangi, bomba moja tu ndilo linalosafiri hadi kwenye injini.

Kisha propela shafti. Giaboksi ya 4L60E, ile inayotoka na injini hii kwenye pikapu, ni ndefu kuliko otomatiki ya gia tatu ya zamani, kwa hiyo mara nyingi shafti hukatwa. Urefu ni jambo la kupima na futi, ila pembe ndiyo inayosahaulika. Krosi iliyopinda haizungushi shafti kwa mwendo sawa. Katika kila mzunguko inaiharakisha mara mbili na kuichelewesha mara mbili. Krosi ya nyuma hufuta kasoro hiyo endapo tu imepinda kwa kiasi kilekile, yaani shafti ya kutokea ya giaboksi na pinioni ya difu ziwe sambamba. Giaboksi ikiinama nyuzi 3 kwenda chini nyuma, pinioni iinuke nyuzi 3. Kipimo kichukuliwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya matairi, kwa sababu ekseli inayoning'inia hutoa pembe ya uongo. Atakayeruka hatua hii atasikia mtetemo kwenye barabara kuu na kuanza kubadilisha matairi yasiyo na kosa.

Waya huwatisha watu kupita kiasi. Ukishapunguza waya za pikapu na kufuta ulinzi wa wizi kwenye kompyuta, unabaki na moto wa kudumu, moto wa swichi na athi nzuri. Chunga moto wa swichi: nafasi kadhaa kwenye boksi la fyuzi la 1969 hukatika wakati stata inazunguka. Ukichukua moto hapo, injini itazunguka mchana kutwa isiwake.

Na kabla ya haya yote, breki. Camaro nyingi za mwaka ule zilitoka kiwandani na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Mimi ningefunga diski mbele kabla injini haijanunuliwa.