Uliza Mabaki Yako Wapi

Ukiletewa jedwali linalolinganisha takwimu za afya za Kisii na Nyamira kutoka seva mbili, na kila mstari wa upande huu umepata mwenzake upande ule, usianze kwa kusifu. Uliza mabaki yako wapi. Fundi asiyeweza kukuonyesha mistari iliyokosa wenzake amekuletea nusu ya kazi, hata grafu zake zikipendeza vipi.

Chukua kazi ambayo maafisa wa takwimu wa kaunti hizi wanaifahamu. Vituo vingi vinavyowahudumia watu wenye VVU nchini Kenya hutunza rekodi katika KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, na data yake hukaa kwenye MySQL. Jumla za kila mwezi huingia katika mfumo wa taifa, KHIS, uliojengwa juu ya DHIS2, nao hukaa kwenye PostgreSQL. Idadi ya wanaotumia dawa za ARV, ile inayojazwa katika fomu ya MOH 731, yapaswa kuwa moja pande zote mbili. Lakini seva ni mbili, hifadhidata ni za aina mbili, na walioingiza data si watu wale wale.

Jambo la kwanza la kukagua ni ufunguo, yaani safu inayounganisha majedwali. Kila kituo kilichosajiliwa kina msimbo wake katika orodha kuu ya vituo vya afya ya taifa, ule ambao makarani wa rekodi huuita namba ya MFL. Majedwali yakiwa yameunganishwa kwa msimbo huo, endelea kusoma. Yakiwa yameunganishwa kwa jina la mahali, rudisha kazi hapo hapo.

Kwingine jina la mahali laweza kukuvusha, lakini katika kaunti hizi mbili za Gusii halikuvushi. Katika maeneo bunge, Kitutu Masaba iko Nyamira, Nyaribari Masaba iko Kisii. Kitutu Chache zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, ni za Kisii. Mugirango Kusini ni ya Kisii, ilhali Mugirango Magharibi na Mugirango Kaskazini ni za Nyamira. Nyamira ina eneo bunge la Borabu, na Kisii nayo ina Bomachoge Borabu. Mzee yeyote wa Abagusii atakupangia majina haya bila kusita, kwa sababu mengi ni ya koo zilizokuwapo kabla ya Nyamira kumegwa kutoka wilaya ya Kisii. Swali la SQL linalotafuta kila chenye neno “Masaba” halina mzee wa kumuuliza. Litakusanya vituo vya kaunti mbili, lijumlishe, na jumla itaonekana safi kabisa.

Hata tahajia ikiwa sahihi, bado. MySQL kwa mipangilio yake ya kawaida huona “KEROKA” na “Keroka” kuwa kitu kimoja. PostgreSQL huviona kuwa viwili. Kwa hiyo swali lile lile hutoa majibu tofauti kutegemea ni seva ipi iliyofanya ulinganishaji. Na Keroka penyewe ni mtihani, maana mji umekaa mpakani na kaunti hizi zimewahi kuvutana juu ya nani atoze ushuru. Mama wa Nyamira akijifungulia katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ni wa Kisii ukihesabu kwa kituo, ni wa Nyamira ukihesabu kwa makazi. Hesabu zote mbili ni halali. Kazi nzuri hutaja kwenye kichwa cha jedwali ni ipi iliyotumika.

Turudi kwenye mabaki. INNER JOIN hubakiza mistari iliyokutana tu, kwa hiyo kituo cha Ekerenyo kilicho kwenye KenyaEMR lakini hakipo KHIS hupotea kimya kimya. Tafuta FULL OUTER JOIN, inayobakiza hata mistari iliyokosa wenzake. MySQL haina amri hiyo, kwa hiyo swali likiendeshwa huko utakuta LEFT JOIN mbili zimeunganishwa kwa UNION; usilione kuwa fujo, ni dalili ya mtu anayejua alipo. Kisha tazama alivyoshughulikia NULL, yaani nafasi isiyo na thamani. Kituo kilichoripoti sifuri kimejibu, ila kisichotuma ripoti hakijasema lolote. Anayetafuta tofauti kwa alama ya <> peke yake atavikosa vituo visivyotuma ripoti, kwa kuwa SQL haiwezi kusema kama pengo ni sawa na 40 au si sawa. Mjuzi wa PostgreSQL huandika IS DISTINCT FROM, ambayo huliona pengo kuwa tofauti na 40. Anayegeuza NULL zote kuwa 0 ili jedwali lisiwe na matundu, mimi simwajiri.

Saa nazo huumbua. Mtoto akizaliwa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei, seva inayohesabu kwa UTC itaandika saa nne usiku, tarehe 30 Aprili. Tofauti ndogo zinazojirudia kila mwisho wa mwezi mara nyingi hutoka hapo, kwa hiyo ikague kabla ya kumshuku karani wa wodi. Isitoshe, seva mbili hazisomwi kwa sekunde moja, hivyo jedwali la kuaminika huandika kila upande ulisomwa lini.

La mwisho ni kilichosafiri. PostgreSQL huweza kuisoma MySQL ya mbali kupitia mysql_fdw. Endesha EXPLAIN VERBOSE, usome swali lililopelekwa upande wa pili. Likiwa linaomba rekodi zote za wagonjwa ili zikahesabiwe kwenye seva ya taifa, intaneti ya kituo italemewa, na majina ya watu yatakuwa yametoka bila sababu, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalikataza. Fundi mzuri hutengeneza vyuu (VIEW) ya jumla ndani ya MySQL yenyewe, kisha husoma hiyo tu. Kinachovuka ni msimbo wa kituo, mwezi na idadi. Kituo kimoja, mstari mmoja kwa mwezi. Majina yote yamebaki kituoni.