Jino Lililosingiziwa

Katika miaka ya 1970, kwenye kituo cha utafiti wa maumivu ya taya na uso cha Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, madaktari wa meno waliwachezea wagonjwa wao kiini macho. Wagonjwa 25 wenye maumivu ya misuli ya taya walikalishwa kitini, vinywa wazi, mashine ikavuma, na kila mmoja akaamini kwamba meno yake yanachongwa kidogo ili ya juu na ya chini yakutane sawasawa. Wapi! Nyuso zinazokutana mtu anapouma ziliachwa vilevile zilivyokuwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1976, wagonjwa 16 kati ya hao 25, yaani asilimia 64, walikuwa wamesema maumivu yamekwisha au yamebaki kidogo mno.

Leo kamati ya maadili ingeuliza maswali mengi kabla ya kuruhusu mchezo kama huo. Lakini swali lenyewe lilikuwa la haki. Wakati huo, kuchonga meno ya mtu anayeumwa taya na kichwa ilikuwa kazi ya kila siku katika kliniki za Marekani, na enameli ikishaondolewa hairudi. Ikiwa kujifanya unachonga kunatuliza maumivu ya watu wengi kiasi hicho, basi wale waliochongwa kweli walikuwa wakiponywa na nini?

Dhana iliyokuwa ikipimwa ilianzia mbali kidogo. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, Missouri, alieleza habari za wagonjwa 11 waliomjia na masikio yaliyoziba, mivumo masikioni, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Kwa Costen, chanzo kilikuwa mdomoni. Magego yakishang'oka, alisema, taya la chini hupanda kupita kiasi, kichwa cha mfupa wake hurudi nyuma, kikagandamiza neva zilizo karibu na sikio. Tiba basi ikawa kuinua kimo cha meno ili mfupa urudi mahali pake. Wagonjwa wakapata jina la ugonjwa, na madaktari wa meno wakapata kazi ambayo hadi hapo haikuwa yao.

Hoja hiyo iliangushwa na anatomia. Mwaka 1948 Harry Sicher, bingwa wa anatomia aliyekuwa akifundisha Chicago, alionyesha kwamba mgandamizo wa neva aliouwaza Costen hauwezi kutokea kwa jinsi mifupa na neva zilivyopangwa. Ajabu ni kwamba hoja ilikufa, tiba ikabaki hai. Madaktari waliendelea kuinua meno na kuyachonga, kwa sababu wagonjwa wengi waliondoka wakiwa nafuu.

Waliogeuza macho kutoka kwenye meno kwenda kwenye misuli walikuwa wachache mwanzoni. Laszlo Schwartz wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alilishughulikia jambo hilo katika miaka ya 1950. Mwaka 1969 Daniel Laskin wa Illinois akalipa umbo kamili: mtu mwenye msongo hukaza taya bila kujua, usiku na mchana, misuli inachoka, misuli iliyochoka inauma, na maumivu yenyewe yanazidisha kukaza. Ni timu ya Laskin, pamoja na Charles Greene, iliyofanya ule mchezo wa mashine isiyochonga.

Ili kuelewa kwa nini kichwa kinaingia katika kesi hii, msomaji aweke ncha ya kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha afungue mdomo polepole. Mwanzoni mfupa unazunguka palepale. Mdomo ukizidi kufunguka, mfupa huohuo unateleza kwenda mbele, na kidole kinahisi shimo dogo likibaki nyuma yake. Viungo vichache mwilini hufanya kazi hizo mbili kwa pamoja, na hiki kinazifanya kikiwa kimefungwa na mwenzake wa upande wa pili, maana taya la chini ni mfupa mmoja. Katikati kuna kisahani cha gegedu kinachosafiri na mfupa. Kisahani kikiteleza kutoka mahali pake kisha kikarudi, taya linaalika. Watu wengi sana wana mlio huo, na usipoambatana na maumivu wala mdomo kukwama, hauhitaji tiba yoyote. Hili linafaa kusemwa kwa sauti, kwa sababu mlio usio na madhara umewaingiza watu wengi kwenye gharama.

Juu ya kiungo hicho, kwenye panja, kuna msuli wa kutafunia uliotandaa kama upepeo ubavuni mwa fuvu. Anayekaza meno usiku kucha anaufanyisha kazi msuli huo usiku kucha, na akiamka anasema kichwa kinamuuma. Kwa kweli kinachouma ni msuli wa kutafunia ulio kichwani. Kuna sababu nyingine iliyo ndani zaidi. Taarifa za maumivu kutoka kwenye meno, taya, panja na utando unaozunguka ubongo hupita katika neva moja kubwa, trijemini, na zikifika kwenye shina la ubongo hukutana na zile zinazotoka sehemu ya juu ya shingo. Hapo ubongo hushindwa kujua nani hasa amelia. Ndiyo maana msuli wa shavuni unaweza kuhisiwa kama maumivu ya gego zima lisilo na tundu, nalo gego hilo likang'olewa bure, na wiki ya pili maumivu yakarudi.

Afrika Mashariki, safari ya mgonjwa wa aina hii mara nyingi huanzia duka la dawa. Panadol, kisha diklofenaki, kisha zote mbili. Kipimo cha malaria kinasomeka hana, anaambiwa labda ni sainasi, labda macho. Katikati ya safari hiyo kuna mtego: mtu mwenye tatizo la kichwa anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaopita miezi mitatu, anaweza kupata maumivu mapya ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Daktari wa meno asiyeuliza habari za vidonge atatibu taya na kukiacha kichwa kiendelee kuuma.

Uchunguzi mzuri hauhitaji mashine ya bei kubwa. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana vigezo vya kutambua maradhi haya ya taya, na sehemu kubwa ya vigezo hivyo inafanywa kwa masikio, rula na kidole. Kwanza maswali: katika siku 30 zilizopita umeumwa taya, panja au sikio? Yanabadilika unapotafuna, unapopiga miayo, unapokaza meno? Kisha rula ya milimita kati ya meno ya mbele. Mdomo usiofika milimita 40, hata daktari anapousaidia kwa vidole, unaashiria kwamba huenda kisahani kimekwama mbele ya mfupa.

Kisha kidole. Daktari hubonyeza msuli wa shavuni na ule wa panjani kwa nguvu ya kilo moja, nguvu anayojizoeza kwa kubonyeza mizani kabla hajamgusa mtu. Kubonyeza kwenyewe ni rahisi. Swali linalofuata ndilo lenye kazi.

“Hapa panauma?”

“Panauma.”

“Ni maumivu yale yale yanayokusumbua nyumbani, au ni mengine?”

“Ndiyo yenyewe, daktari. Ndicho hicho kichwa changu.”

Jibu hilo la mwisho lina uzito kuliko picha ya eksirei. Msuli wa mtu yeyote ukibonyezwa sana utauma. Kinachotafutwa ni maumivu anayoyafahamu mgonjwa mwenyewe, na kigezo hicho ndicho kinachotenganisha kichwa kinachotokana na taya na kichwa cha aina nyingine. Kipandauso kwa mfano kinaweza kuchochewa na taya linalouma, lakini ni ugonjwa wake peke yake wenye tiba yake, na kumvalisha mgonjwa wake kifaa cha meno peke yake ni kumpotezea muda.

Kifaa chenyewe kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndicho watu wengi wanachokifikiria wanaposikia daktari wa meno anatibu kichwa. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliosanifiwa na Sigurd Ramfjord na Major Ash. Unga wa aljineti hukorogwa na maji, ukajazwa kwenye trei na kubanwa juu ya meno mpaka ugande. Alama iliyobaki hujazwa plasta, nayo ikikauka huwa nakala ya meno. Nakala ya juu na ya chini hufungwa kwenye chombo kinachoiga mwendo wa taya, na fundi wa maabara hutengeneza kigamba cha akriliki ngumu, angavu, kinachofunika meno yote ya taya moja.

Kazi ya daktari huanza kigamba kikishafika. Mgonjwa anauma karatasi ya rangi, daktari anasaga doa lililokolea, anauma tena, linasagwa tena, mpaka kila jino la taya la pili liguse akriliki kwa uzito unaokaribiana. Uso wa kigamba huwa bapa, usio na mashimo ya kulifunga jino, ila mbele panaachwa mwinuko mdogo: taya likisogea kushoto au kulia, chonge linapanda mwinuko huo na magego yanaachana. Wiki moja au mbili baadaye mgonjwa anarudi, kwa sababu misuli iliyolegea imebadilisha mkao wa taya, na madoa ya rangi yamehama. Daktari anayekabidhi kigamba na kuaga moja kwa moja amefanya nusu ya kazi.

Kuna sababu ya kufunika meno yote. Jino lisilokutana na kitu kwa muda mrefu hupanda taratibu kutafuta mwenzake. Vifaa vidogo vinavyoshika meno ya mbele tu, vikivaliwa ovyo miezi mingi, vimewaacha watu ambao magego yao yanagongana na meno ya mbele hayakutani tena. Hapo kifaa kilichopaswa kuvuliwa asubuhi na mambo yakabaki yalivyokuwa kimegeuka tiba isiyorudishika.

Fungu baya zaidi katika historia hii ni la waliokwenda mbali kuliko meno. Mwaka 1983, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu kampuni ya Vitek ya Houston, Texas, kuuza kipandikizi cha Proplast na Teflon cha kuchukua nafasi ya kisahani cha taya. Haikuwa imedaiwa majaribio marefu kwa binadamu. Maelfu ya watu, wengi wao wanawake, walipandikizwa. Chini ya uzito wa kutafuna, Teflon ilisagika ikawa chembechembe. Seli za kinga zikazishambulia chembe hizo na kuula mfupa uliokuwa jirani, kwa wengine hadi kwenye sakafu ya fuvu. Kampuni ilifilisika mwaka 1990, na mwishoni mwa mwaka huo mamlaka ikatoa tahadhari kwa madaktari wa upasuaji. Baadhi ya wagonjwa walioingia wakilalamikia taya linaloalika walitoka na uso uliohitaji kupasuliwa mara nyingi.

Mwaka uliofuata tu, Dorrit Nitzan wa Jerusalem na wenzake walichapisha njia iliyokwenda upande wa pili kabisa. Sindano mbili huingizwa kwenye kiungo chini ya ganzi. Maji ya chumvi yanaingia kwa moja na kutokea kwa nyingine, yakisafisha kiungo na kukiachia kilichonata. Hakiwekwi kitu, wala hakikatwi kitu. Walionufaika ni wale ambao mdomo ulikuwa umekataa kufunguka ghafla, na njia hiyo inatumika hadi leo.

Mwongozo uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya unawaudhi baadhi ya madaktari wa meno, na si vigumu kuona sababu. Tiba zilizopewa uzito mkubwa ni mazoezi ya taya na ya mkao, kukandwa misuli na kunyooshwa kiungo na mtaalamu, na tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mazoea. Vifaa visivyorudishika na upasuaji wa kutoa kisahani vilikataliwa kabisa. Hata kigamba cha kuvua na kuvaa hakikupendekezwa kama tiba ya maumivu. Wanaokitetea wana hoja moja isiyopingika: anayesaga meno usiku ataendelea kuhitaji kinga ya enameli, maumivu yapungue yasipungue.

Katika kliniki yenye busara, basi, mgonjwa huanza na mambo ambayo hayalipiwi maabara. Anafundishwa kwamba mchana midomo ikutane na meno yaachane, kwa kuwa meno ya juu na ya chini hayana sababu ya kugusana nje ya kutafuna na kumeza. Wiki chache anaachana na miwa, mahindi ya kuchoma na mhogo mbichi, anakula wali, uji na ndizi zilizoiva vizuri. Kitambaa chenye joto shavuni. Kidole kidevuni wakati wa miayo, ili mdomo usipanuke kupita kiasi. Anayetafuna mirungi kwa muda wa saa nne kila jioni anaambiwa wazi kwamba hakuna msuli unaopumzika kwa ratiba hiyo, na mara nyingi ndiye anayecheka kwanza.

Wachache hawapaswi kufika hatua hiyo. Mtu wa zaidi ya miaka 50 anayeanza kuumwa panja kwa mara ya kwanza, ambaye taya lake linachoka na kuuma kila anapotafuna kisha likatulia akiacha, na panja likawa halitaki kuguswa hata na chanuo, anaweza kuwa na uvimbe wa mshipa wa damu wa panjani. Ugonjwa huo unaweza kumpofusha ndani ya muda mfupi. Huyo hapimwi meno kwa ajili ya kigamba. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo kupimwa damu na kuanzishiwa steroidi, hata kabla majibu yote hayajatoka.