Mkate wa Pepo Kwanza, Mapenzi Baadaye

Wanaosoma hadithi za mapenzi ya majini hapa Kihesa, Iringa, hasa zile zinazopokelewa kwa simu sehemu baada ya sehemu, wanajua zinavyoanza. Kijana anakutana usiku na mrembo mwenye fedha zisizoisha, na kabla ya sehemu ya tano wamekwisha kuoana. Kinachonisumbua ni kwamba jini huyo hana haja na chochote. Nguvu zake hazina chanzo, kwa hiyo hana cha kupoteza, na mpenzi asiye na cha kupoteza hamlizi msomaji.

Katherine Arden, Mmarekani aliyesoma Kirusi na kuwahi kuishi Moscow, alilimaliza tatizo hili kwa ufundi unaostahili kufunguliwa kipande kwa kipande. Riwaya yake The Bear and the Nightingale ilitoka 2017, zikafuata nyingine mbili, ya mwisho 2019. Amezijenga juu ya mizimu ya Waslavi, katika Urusi ya karne ya 14. Msichana Vasya anakuja kumpenda Morozko, pepo wa baridi kali, ambaye pia ndiye mauti.

Arden haanzi na mapenzi. Anaanza jikoni, watoto wakisimuliwa ngano ya Morozko kando ya tanuri. Ndani ya tanuri hilo anakaa domovoi, mlinzi wa nyumba; zizini yuko vazila, ziwani rusalka. Domovoi anaishi kwa kuwekewa mkate. Kisha padri Konstantin anafika kutoka Moscow na kuhubiri kwamba hao wote ni mashetani. Watu wanaogopa, wanaacha kuweka chakula, domovoi anafifia, baridi inazidi kuua, na wafu wanaanza kurudi usiku. Yaya aliyesimulia ile ngano ni mmoja wao. Hapo nilifunga kitabu kwa muda.

Msomaji wa Iringa anaielewa hesabu hiyo bila kufasiriwa. Masoka, yaani mizimu ya mababu wa Wahehe, hukumbukwa kwa tambiko, kwa unga na pombe kaburini, na ukoo ukipatwa na maradhi yasiyoeleweka wazee huuliza ni nani aliyesahauliwa. Arden anatumia karibu kitabu kizima kutufundisha kanuni moja tu, kwamba pepo hudumu kwa kukumbukwa, na anatufundishia kwa kiumbe mdogo wa jikoni tusiyemwogopa.

Ndipo anaihamishia kanuni hiyo kwa mpenzi. Tangu Vasya akiwa mdogo, Morozko alimpa baba yake kito cha buluu ampelekee binti. Baba anamkabidhi yaya, yaya anakificha miaka mingi. Tunakiona kama zawadi. Katika kitabu cha pili, The Girl in the Tower, inafichuka kuwa kupitia kito hicho Morozko alikuwa akijitia nguvu kutoka kwa Vasya: alikuwa domovoi mkubwa, naye Vasya ndiye mkate. Baya zaidi kwa Morozko, kadiri anavyompenda ndivyo anavyokaribia kuwa mtu wa kufa. Hatuhitaji adui wa nje ili tuhofu. Kila neno la upole analosema linamgharimu, na sisi tunajua bei kwa sababu tulikwisha kuiona ikilipwa kule kwenye tanuri.

Kitabu cha tatu sikipendi kwa kiasi hicho. Kinafika hadi vita vya Kulikovo vya 1380, na majeshi yanawanyima wapenzi nafasi.

Kwetu malighafi ipo. Mussa Banzi alilitoa jina la filamu yake ya kutisha Nsyuka katika Kinyakyusa cha Mbeya, na katika filamu nyingine, Shumileta, akamweka jini wa kike anayempenda mwanadamu. Watazamaji walimpokea jini mwenye moyo. Kinachobaki ni kazi ya mwandishi, na inaanza mbali na chumba cha wapenzi. Anayetaka kuandika pepo wa baridi ya Julai ya Kihesa aandike kwanza nyumba moja: bibi aliyekuwa akiweka unga, mjukuu aliyeambiwa aache, nani alimwambia, na kwa sababu gani ya haki. Konstantin wa Arden si mjinga, anaamini anaokoa watu, na bila yeye kuamini hivyo domovoi asingekuwa na wa kumfifisha.