Montgomery: Mgomo Ulimtangulia Kiongozi

Kitabu cha Mchungaji Martin Luther King, Stride Toward Freedom, kilichotolewa mwaka 1958, husomwa na makada wengi kama habari za maisha ya shujaa. Usomaji wa namna hiyo sisi tunaupinga. Humfundisha kada kungoja kiongozi azaliwe, na hali kazi yake ni kuuandaa umma.

Tutazame mambo yalivyotokea. Rosa Parks alikamatwa mjini Montgomery, Alabama, tarehe 1 Desemba 1955, kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti katika basi. Usiku uleule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na rais wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, alirudufu makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwataka Weusi wasusie mabasi Jumatatu, tarehe 5. E. D. Nixon, mtu wa chama cha wafanyakazi wa mabehewa ya kulala ya reli, alikwenda kumtoa Bibi Parks kwa dhamana, kisha akaanza kuwapigia simu wachungaji. King, kijana wa miaka 26, alichaguliwa kuwa rais wa chama cha mgomo Jumatatu hiyo, mabasi yakiwa tayari yanapita karibu matupu. Tena Baraza la Wanawake lilikuwa limekwisha kumwandikia meya tangu Mei 1954, kumwonya kwamba mgomo unafikiriwa. Basi mtu asituambie kuwa mgomo ulizuka kwa uchovu wa mama mmoja.

King hafichi mambo haya. Robinson anamsifu sana. Upungufu uko katika mpango wa kitabu: anapoeleza chimbuko la mbinu, anatupa sura nzima ya vitabu alivyosoma, Marx mwaka 1949, kisha Gandhi, na msomaji anaondoka akidhani mbinu ilitoka maktaba. Kitabu cha Robinson mwenyewe, kilichotoka mwaka 1987, lazima kisomwe pamoja nacho. Wazee wetu wa TANU waliohamasisha umma pamoja na Bibi Titi Mohamed wangekitambua mara moja.

Wapo ndugu wanaosema kupigana bila silaha ni unyonge, dawa ya kuwalaza wavuja jasho. Hoja yao si ya kupuuzwa, lakini Montgomery haiwaungi mkono. Weusi walikuwa karibu robo tatu ya abiria. Kwa siku 381 watumishi wa nyumbani na madobi walitembea kwa miguu, au walipanda magari ya kujitolea yapatayo 300, yenye vituo maalum. Georgia Gilmore na wenzake walipika na kuuza chakula, majina ya wachangaji yakifichwa wasifukuzwe kazi. Hiyo ni nguvu ya kiuchumi, nayo iliibana kampuni mfukoni. Nyumba ya King ilipolipuliwa tarehe 30 Januari 1956, umati wenye hasira ulikusanyika, wengine wakiwa na silaha. Akawatuliza, wakarudi makwao. Hapo uongozi wake ulikuwa na uzito mkubwa, na kumnyima sifa hiyo ni ukaidi mtupu.

Jambo linalotusumbua zaidi ni jingine. Mwanzoni madai yalikuwa madogo: adabu kutoka kwa madereva, kukaa kwa kutangulia kufika huku Weusi wakianzia nyuma, na madereva Weusi katika mitaa yao. Wakuu wa mji walikataa hata hayo. Ndipo ikafunguliwa kesi ya Browder dhidi ya Gayle, na Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha ushindi tarehe 13 Novemba 1956. Waliosimama katika kesi hiyo ni wanawake, mmoja wao Claudette Colvin, aliyekamatwa katika basi mwezi Machi 1955 akiwa na miaka 15. Viongozi walimwona hafai kuwa nembo ya mapambano. Yeye mwenyewe alieleza miaka ya baadaye kwamba tabaka alilotoka lilichangia. Lakini mahakamani alifaa. King anamtaja kwa ufupi tu. Tutakapokifundisha tena kitabu hiki, tutaanzia kwake.