Changu Saba kwa Mshipi Mmoja

Ngalawa ilitia nanga magharibi ya Nungwi, penye pima kumi za maji, yaani kama mita 18, pale mwamba unapokwisha na mchanga wenye majani ya bahari unapoanza. Tulikuwa watu wawili na mishipi miwili, chambo chetu kimoja: vipande vya ngisi. Kufika saa nne asubuhi, mwenyeji wangu, mvuvi wa umri wa baba yangu, alikuwa amepandisha changu saba. Mimi sikuwa na hata mmoja. Nikamwomba tubadilishane mishipi, na nusu saa haikutimia nikapata wangu wa kwanza. Nikajua kwamba jambo lile halikuwa bahati. Jioni tulikaa barazani tukailinganisha ile mishipi miwili, kipande kwa kipande.

Mimi nilianzia dukani. Nilichagua kwanza mshipi imara wa milimita moja, kwa hofu ya kukatikiwa. Kisha nikatafuta ndoana inayolingana na mshipi huo, na mwisho nikachukua chubwi yoyote iliyokuwapo. Mzee alikwenda kinyume: alianza na mdomo wa samaki, akaja kwenye ndoana, akaja kwenye chubwi, akamalizia na mshipi. Tofauti yetu yote imo katika mpangilio huo, na anayetumia fimbo yenye rili unamhusu vilevile.

Tuanze na mdomo. Mzee alichukua kichwa cha changu mmoja, akakipanua kwa vidole viwili, akajaribu kuingiza ndoana yangu ya 6/0. Haikuingia ila kwa kulazimishwa. Yake ya 1/0 ilipita na nafasi ikabaki. Namba hizi huwachanganya wengi: kwenye namba za kawaida, namba ikikua ndoana hupungua; kwenye zile zenye sifuri, 1/0, 2/0, 3/0, namba ikikua na ndoana hukua. Changu ana mdomo mdogo wenye midomo minene, na aina nyingi za changu zina magego ya kuvunjia kaa na konokono wa baharini. Chakula chake kiko chini, naye hukidonoa kwanza kabla ya kukimeza. Ndoana kubwa humpa nafasi ya kuchuna ngisi pembeni na kwenda zake.

Pili, chubwi. Hapa ndipo nilipopotelea asubuhi nzima bila kujua.

"Umegusa chini?" aliniuliza mapema.

"Nimegusa, mzee."

"Hujagusa, mwanangu. Mshipi umekwenda na maji. Ukigusa, mkono utapumzika."

Maana yake niliielewa nilipoushika mshipi wake. Chubwi inapotua, uzito hutoka mkononi mara moja, mshipi ukalegea. Wangu haukuwahi kulegea hivyo. Mkondo husukuma mshipi kwa kadiri ya unene wake, kwa hiyo mshipi mnene wenye chubwi nyepesi hupinda kama upinde ndani ya maji, na chambo huelea mbali na chakula kilipo. Juu ya hayo, kidonoo cha samaki hupotelea katika lile pindo kabla hakijafika kidoleni. Mshipi wa mzee ulikuwa wa milimita 0.6, chubwi yake mwishoni kabisa, na ndoana ikining'inia kwenye tawi fupi, shubiri mbili juu ya chubwi. Akishagusa chini, aliinua shubiri moja na kutulia.

Nguvu ya mshipi basi ndiyo aliyoiwaza mwisho, na haikumpungukia. Changu wa kilo moja hawezi kuukata mshipi wa milimita 0.6 usiokwaruzwa na mwamba. Mishipi mingi hukatikia kwenye fundo. Mzee alililowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni ikikazwa kavu huchubuka na kupata joto, na hapo hudhoofika.

Siku nayo aliichagua. Ilikuwa ya nane tangu mwezi kuandama, wakati wa maji mafu. Katika bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Unguja hufika karibu mita 4, na mkondo wake huzishinda chubwi ndogo. Maji mafu hutembea polepole, na mshipi mwembamba husimama wima.

Uvuvi haukuishia kwenye kupandisha. Wawili waliokuwa wadogo kuliko kiganja, mbali na wale saba, aliwarudisha majini wakiwa hai. Aina nyingi za changu huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao huwa madume baadaye, kwa hiyo anayemaliza wadogo hula uzao wa kesho. Kila aliyebaki alipigwa kichwani papo hapo, akakatwa mashavuni damu itoke, akazamishwa kwenye barafu iliyosagwa na kuchanganywa na maji ya bahari. Mchanganyiko huo humgusa samaki pande zote, na humpoza haraka kuliko mabonge makavu. Kwa jodari na vibua jambo hili ni la afya hasa: wakiachwa juani hutengeneza sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Samaki wa namna hiyo hataki viungo vingi. Tuliwapaa magamba, tukawachanja kila upande, tukawapaka chumvi, saumu, tangawizi na ndimu. Wavu wa kuchomea ulipashwa moto kwanza, ukapakwa mafuta, na samaki hakugeuzwa mpaka ngozi ilipoachia yenyewe. Anayeharakisha huiacha ngozi kwenye wavu. Kando, kasimile ya nazi mbili ilichemka taratibu pamoja na bizari, saumu na pilipili, ikikorogwa bila kukoma ili tui lisikatike. Ukwaju uliingia mwishoni, tui lilipokuwa limeshakuwa zito. Ndipo tukapaka, tukageuza, tukapaka tena, mara tatu. Nyama ilipokuwa nyeupe na kuachana na mfupa wa mgongo kwa kuguswa tu na uma, tukaepua. Dakika tano zaidi zingemkausha.

Kile kichwa cha majaribio kilikwenda kwenye supu. Baada ya kula niliomba taya lake, nikalisafisha, nikalitia kwenye kisanduku changu cha zana. Sasa nikienda kununua ndoana, hulitoa taya hilo na kupimia hapo hapo kaunta, kabla sijauliza bei ya mshipi.