Majigambo na Ukimya: Usawiri wa Majeraha ya Kisaikolojia ya Askari katika Hadithi Fupi

Vita vya Kagera vya 1978–1979 viliwatoa askari na wanamgambo wengi majumbani mwao, na waliorejea walipokewa kama mashujaa. Miongoni mwa Wanyambo wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, utanzu wa jadi unaompokea mtu wa vita ni majigambo. Mtendaji husimama mbele ya hadhira, hujitaja kwa nafsi ya kwanza na kuorodhesha matendo yake ya ujasiri. Hofu, majuto na usiku usio na usingizi havipati nafasi, kwa kuwa kanuni za utanzu zinamtaka jasiri.

Hadithi fupi humsawiri askari kutoka upande wa pili. Katika “Soldier’s Home” (1925) ya Ernest Hemingway, Krebs anarejea Oklahoma mwaka 1919, shamrashamra za mapokezi zikiwa zimekwisha. Wenyeji wamekwisha kusikia visa vingi vya kutisha, hivyo ukweli wake hauwagusi. Ili asikilizwe, anadanganya, na hata uongo wake ni mdogo: anajitwalia mambo waliyoyaona au kuyatenda wenzake. Hata hivyo, uongo huo unamtia kinyaa na kumpokonya kumbukumbu zilizokuwa zikimpa utulivu. Mama anapomuuliza kama anampenda, anajibu kwamba hapana. Sentensi fupi zenye takriri zinaakisi nafsi iliyokufa ganzi.

Wahakiki wanaotafuta chanzo cha kiwewe katika uwanja wa mapigano pekee hawaoni jambo hili. Krebs anajeruhiwa upya nyumbani, na kinachomjeruhi ni masimulizi ambayo hadhira iko tayari kuyapokea.

Inaweza kutolewa hoja kwamba majigambo nayo ni tiba, kwani humrejeshea mpiganaji heshima mbele ya jamii. Hoja hiyo ina uzito, lakini tiba hiyo humfaa yule tu ambaye aliyoyapitia yanaweza kugeuzwa sifa. Aliyeua na kujuta, au aliyemwacha mwenzake akifa, hana ubeti wa kusimamia.

Kwa hiyo, mtafiti anayekusanya masimulizi ya vita hivyo Karagwe na Kyerwa akiuliza habari za ushujaa pekee atapewa majigambo. Pale msimulizi anaponyamaza au kubadili mazungumzo, ukimya huo nao ni sehemu ya matini na unastahili kuhakikiwa.